Nilimwita Zaituni

Jumatatu, 4 Mei

Vidonge baada ya chai. Cha presha, cha kutoa maji mwilini, na cha moyo ambacho jina lake sitaki kujifunza. Miguu imevimba tena. Zaituni ameipima kwa utepe wake wa kushonea, akanyamaza, akauviringa utepe na kuutia mfukoni. Akinyamaza hivyo, najua imeongezeka.

Leo hakukimbia. Jana hakukimbia. Ijumaa alifika Kagugu akageuza, maana nilikuwa na miadi kwa daktari.

Marathoni ni tarehe kumi na nne mwezi ujao. Nzima, si nusu. Nusu amekwisha kuikimbia, na mara zote mbili alirudi nyumbani akapika. Mwaka huu alijiandikisha nzima, akaniambia huku anapepeta mchele, bila kuinua uso, kama mtu anayesema makaa yamekwisha.

Zaituni ni mkaza mwanangu. Mwanangu Idrisa anaendesha lori la mizigo kati ya Dar es Salaam na hapa Kigali. Humwona mkewe siku chache, kisha hamwoni wiki kadhaa. Watoto wao wako bweni. Katika kinyumba hiki cha Batsinda tumebaki yeye na cherehani yake, mimi na moyo wangu. Daktari ameuchora moyo huo kwenye karatasi akanionyesha mahali misuli ilipolegea. Nikamuuliza kwa Kifaransa, ili Zaituni asielewe, kama ni miaka au miezi. Akajibu kwa Kinyarwanda, ili aelewe. Miezi.

Kwa hiyo naandika. Nilifundisha jiografia kwa Kifaransa, kisha kwa Kiingereza serikali ilipobadilisha. Na majirani nasema Kinyarwanda. Kiswahili ni cha nyumbani kwa baba, aliyeuza vitambaa Biryogo, na ambaye babu yake alitoka Tabora na marobota ya nguo kichwani. Tulipogombana nyumbani, tuligombana kwa Kiswahili. Ninachotaka kuandika hapa ni cha namna hiyo.

Jumatano, 6 Mei

Wageni.

Desturi ni desturi. Mtu akiugua, watu huja kumjulia hali. Huja baada ya alasiri, jua likipoa, wakiwa na maziwa na ndizi. Huketi. Hupewa chai. Saa hizo ndizo za Zaituni za kukimbia, kwa sababu asubuhi ana nguo za watu.

Leo walikuwa sita, na Mwamini wa saba. Mwamini tunatenganishwa naye na ukuta mmoja. Anauza sambusa barabarani. Huja kila siku, na akija huongea hadi azana ya magharibi.

"Mwalimu, leo rangi imerudi," aliniambia mbele ya wote. "Jana ulikuwa kama majivu, sikutaka tu kukutisha."

Zaituni akatokea na suruali yake ndefu na mtandio aliokwisha kuufunga nyuma.

"Na wewe Zai, unakwenda wapi hivyo?"

"Kinyinya, shangazi. Narudi."

"Kinyinya iko nini?"

"Iko mlima."

"Mlima hata hapa uko. Panda ule wa masufuria."

Wageni walicheka. Mimi nilicheka kuliko wote, na nina kifua kibovu. Zaituni alivua viatu, akawasha jiko.

Ijumaa, 8 Mei

Baada ya sala ya alfajiri nilimsikia anavaa viatu, akimbie kabla wateja hawajaja. Kamba zake ni ndefu. Akizivuta hutoa sauti kavu. Sikuwa na maumivu. Nilipumua vizuri kuliko siku zote za wiki.

Nikaita, Zaituni! Akaja. Nikasema kifua. Akaketi kitandani, akanisugua mgongo hadi kukapambazuka na mteja wa kwanza akabisha hodi.

Haikuwa mara ya kwanza. Tangu Ramadhani iishe nimefanya hivyo mara kadhaa. Mimi ni mtu mzima niliyesoma. Nimemzika mume, nimeswali, nimefundisha watoto wa watu wasiseme uongo. Niliona ninachofanya, nikakifanya.

Sababu si ugonjwa. Akitoka, nyumba inakuwa kimya, na mimi nafikiri nitakufa katika kimya hicho, na Mwamini ndiye atakayenikuta mdomo wazi. Nataka kufa kuwe na mtu. Si mtu yeyote. Yeye.

Nina aibu. Si kubwa.

Jumapili, 17 Mei

Siku ya barabara bila magari. Mji mzima hutoka na viatu vya mazoezi, hata mawaziri. Zaituni hukutana na wanawake wenzake Kagugu. Kiongozi wao ni Konsolata, muuguzi, mwenye sauti ya kamanda. Leo walipanga mbio ndefu kuliko zote za matayarisho, kusudi miguu izoee kabla ya siku yenyewe.

Nilimwacha aende. Nilijisifu moyoni kwa muda mfupi.

Kisha Mwamini akaja, nikamwambia pumzi imekuwa fupi. Nilijua atafanya nini. Akatoka uani na simu yake.

Zaituni alirudi kwa pikipiki, kofia ya abiria imemkunja mtandio, uso una chumvi ya jasho. Alikuwa hajafika hata nusu. Akanitazama muda mrefu kidogo. Akanywa maji amesimama.

Mchana Konsolata alipiga simu. Zaituni alikuwa anashona, akaiweka sauti kubwa.

"Zai, sha, umepotelea wapi?"

"Mama hakuwa mzima."

"Pole. Lakini nikuambie, barabara haina huruma na mwenye mgonjwa. Usiyoikimbia sasa itakukimbiza siku ile."

Cherehani haikusimama.

Jumanne, 19 Mei

Amekimbia! Dawa mpya ilinilaza, sikujua alivyotoka wala alivyorudi. Nimeamka nikamkuta anapanga vifungo na anacheka peke yake.

Kinyinya wanajenga kila mahali, magorofa na barabara, malori ya kokoto yanapanda siku nzima. Leo mafundi waliokuwa juu ya kiunzi walimpigia kelele.

"Mama, nani anakufukuza?"

"Mkeo," akawajibu. "Anauliza uko wapi tangu Jumamosi."

Wenzake nusura waanguke kwa kucheka. Alipopita tena anashuka, yule fundi alijificha nyuma ya karai la zege.

Nilicheka naye. Baadaye nikawaza: habari hii haina mimi ndani yake hata kidogo. Ana mahali ambapo watu hawamjui kama mkwe wala mke wala mwuguzaji. Nilichukia. Halafu nikaona ni ujinga kuchukia mlima.

Ijumaa, 22 Mei

Mvua. Wageni watatu. Hakukimbia.

Jumatano, 27 Mei

Idi. Zaituni ameamka kabla ya ndege. Ameswali, amepokea nyama, ameigawa, amepika pilau ya watu wasiohesabika. Watoto wamekuja na kula na kurudi bweni. Alisimama siku nzima. Konsolata anasema kusimama si mazoezi.

Idrisa alipiga kutoka Morogoro. Lori limeharibika gia, yuko hapo siku ya nne. Aliwekwa sauti kubwa ili nimsikie na kumpa mkono wa Idi.

Akasema, "Zai, hizo mbio ziache mwaka huu. Mama kwanza. Mbio zitakuwapo."

Zaituni alikuwa na bakuli mkononi. Alinitazama. Nilikuwa na nafasi ya kusema. Neno moja lingetosha, mwanangu ananisikiliza.

Nikakohoa.

Idrisa akasema, "Unasikia?" Zaituni akasema, "Nimesikia."

Jumamosi, 30 Mei

Umuganda, kazi ya pamoja ya kila mwisho wa mwezi. Mtaa mzima nje na majembe, wanazibua mtaro. Zaituni miongoni mwao. Nilisikia vicheko na mabomba ya maji.

Hapo ndipo kifua kilipobana kweli. Kama mtu ameketi juu ya kifua na hana haraka ya kuinuka. Sauti nilikuwa nayo. Dirisha lilikuwa wazi, na yeye hatua chache tu nje yake. Sikuita.

Aliingia kuchukua ndoo akanikuta. Nakumbuka miguu yake ina tope, na kwamba alipiga magoti na tope lile juu ya mkeka wa sala.

Sijui kwa nini sikuita.

Jumatatu, 1 Juni

Daktari anataka nilazwe, hospitali moja upande wa Kanombe. Nilikubali kabla hajamaliza sentensi. Zaituni alishangaa. Miezi yote nimekataa.

Nilikuwa na hesabu yangu. Nikilazwa, wageni watanifuata huko. Chai itakuwa ya hospitali. Zaituni atabaki nyumbani na jioni zake zote. Nilijiona mwerevu. Nilitaka kurudisha nilichochukua, bila kulazimika kusema nilikichukua.

Wodini, kabla hata ya kunipa kitanda, muuguzi akauliza, "Umurwaza wako ni nani?"

Nilikuwa nimesahau. Huku hakuna kulazwa bila umurwaza, mtu wa kukaa nawe: akupikie, akuogeshe, afue, akimbilie dawa. Mimi mwenyewe nilikuwa umurwaza wa mume wangu hadi alipofariki. Na nikasahau. Miaka yangu yote ya kusoma, na nimesahau jambo ambalo kila muuza ndizi analijua.

"Ni mimi," akasema Zaituni. Akatandika mkeka wake chini ya kitanda changu.

Jumatano, 3 Juni

Ndege zinapita chini sana. Dirisha linatetemeka, kisha linatulia. Nyuma ya wodi wauguzaji wana mahali pao pa kupikia. Zaituni amekwisha kujuana na wote. Anashonea mmoja wao zipu kwa mkono.

Alfajiri, kabla daktari hajapita, anapanda na kushuka ngazi za jengo la pili. Mlinzi alimwuliza kama amepotea. Akamwambia anatafuta wodi ambayo haipo. Sasa kila asubuhi mlinzi anamwuliza kama ameiona.

Hiyo ndiyo marathoni niliyomwachia. Ngazi.

Alhamisi, 4 Juni

Nimempigia Mwamini simu. Imenichukua tangu asubuhi hadi adhuhuri kubonyeza. Simpendi Mwamini. Niseme wazi, hapa hakuna wa kusikia. Anaongea sana, anajua habari za kila nyumba, na tangu tuhamie Batsinda nimemwona kama mtu wa kuvumiliwa.

"Mwalimu! Wewe mwenyewe? Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa. Nina ombi."

"Wewe? Miaka yote hii hujaniomba hata chumvi."

"Naomba sasa. Njoo uniuguze."

Nilidhani simu imekatika.

"Ningekuja bila kuombwa," akasema. "Lakini sasa umeniomba, Mwalimu. Nitawaambia watu wote."

Ijumaa, 5 Juni

Amefika na beseni, mkeka, blanketi na mfuko wa sambusa. Kufikia saa tano wodi nzima ilikuwa inajua kuwa nilimwomba. Wagonjwa wamekula sambusa. Aliponiogesha alinigeuza kwa ustadi, mkono mmoja begani, mmoja kiunoni, na hakusema neno hadi nilipokuwa nimevaa. Kisha akaanza tena.

Zaituni amekwenda nyumbani. Hakutaka. Mwamini alimsukuma mlangoni.

"Nenda kakimbie huko. Hapa unatuzibia hewa."

Mchana nilimkosa. Nilimkosa kwa kiasi ambacho sikukitegemea. Nililala.

Jumapili, 7 Juni

Zaituni amekuja jioni, anatembea kama kuku aliyefungwa miguu. Amekimbia na wenzake tangu asubuhi. Konsolata amekasirika: wiki moja kabla si wakati wa kukimbia sana, ni wakati wa kupumzika, kilichopotea kimepotea. Zaituni alikimbia tu. Mbali zaidi ya siku zote, lakini bado si mbali ya kutosha.

Akasema amesimama mara tano. Akasema kilima cha mwisho alikipanda kinyumenyume, kwa sababu magoti yalikataa njia ya kawaida.

Mwamini akauliza, "Na watu walikuona?"

"Walinipigia makofi, shangazi. Walidhani ni mtindo."

Jumatatu, 8 Juni

Wameniruhusu. Daktari amesema nyumbani ni bora. Hakusema nimepona. Nilimshukuru kwa hilo.

Jumanne, 9 Juni

Nimesema.

Alikuwa ananiosha miguu kwenye beseni. Sikupanga. Nilitazama kichwa chake kilichoinama nikasema, "Zile alfajiri nilizokuita, sikuwa naumwa."

Aliendelea kuosha. Kisha akasema, "Najua, mama."

"Unajua tangu lini?"

"Tangu ya kwanza. Ukiumwa kweli huniiti. Unanyamaza. Kama siku ile ya umuganda."

Nilingoja akasirike. Sikujua la kufanya na miguu yangu ndani ya beseni lake. Nikamwuliza kwa nini basi alikuwa anavua viatu na kubaki.

Aliinua mguu wangu wa kulia majini. Zaituni hajibu haraka.

"Nilikuwa naogopa," akasema. "Nusu naijua. Nzima siijui. Ukiniita, napata sababu. Watu wakiuliza, nasema ni mama. Wewe umenificha, na mimi nimejificha."

Akakausha mguu wa kulia, akauweka juu ya taulo, akachukua wa kushoto.

Nimeudhika kidogo. Nilikuwa nimebeba dhambi nzima, nimeitayarisha, na nimekuta nusu ina mwenyewe. Lakini nusu yangu bado ni yangu. Nimeomba radhi. Amesema, "Nimekusamehe, mama. Nyanyua kisigino."

Alhamisi, 11 Juni

Hajasema kama atakwenda. Wageni wamekuja, Mwamini amewapokea mlangoni, amechukua maziwa yao na kuwarudisha.

Idrisa alipiga. Gia imepona, yuko Kahama, hatafika kabla ya Jumatatu. Safari hii sikungoja. Nilimwambia, "Mkeo atakimbia Jumapili."

"Na wewe utabaki na nani?"

"Na watu."

Zaituni alichukua simu, akaongea na mumewe mambo ya ada na betri ya lori, akaikata. Kisha akanigeukia.

"Usinisemee, mama. Kukataza ulinisemea. Kuruhusu usinisemee pia."

Ana haki.

Jumamosi, 13 Juni

Amekwenda kuchukua nambari yake. Ni kitambaa chepesi, amekikagua pindo kwa ukucha kama fundi, akasema kimekatwa vibaya. Ameshona mfuko mdogo kiunoni mwa suruali kwa ajili ya tende. Amepika wali mwingi na maharage, amekula sahani mbili.

Kisha amesema, "Nitaanza. Kumaliza ni neno lingine."

Nikasema, "Inshallah."

"Lakini asubuhi nikikuona vibaya, siendi. Sitaki ubishi."

Nikasema sawa. Mwamini atakuja kukipambazuka. Bintiye anakaa Kimironko, atasimama barabarani wakimbiaji wakipita na kututumia habari.

Ninaogopa. Si kufa tu. Naogopa nisije nikaamka vibaya, na safari hii bila kutaka.

Jumapili, 14 Juni

Naandika kidogo kidogo.

Kimekuja kabla ya alfajiri. Yuleyule aliyeketi kifuani. Nililala chali nikamsikia Zaituni anaswali, kisha anatembea, kisha kamba za viatu. Mguu mmoja. Halafu kamba zikasimama.

Alikuwa anasikiliza.

Nilielewa. Alikuwa anangoja nimwite. Nisipoita, atajua. Amenifundisha mwenyewe, juu ya beseni. Nilikusanya pumzi yote niliyokuwa nayo, nikageuzia uso ukutani, nikaita kwa sauti yangu ya mwanamke mzee mkorofi.

"Zaituni! Unakwenda na chai hujaniachia?"

Akacheka huko chumbani. Nilimsikia.

"Iko kwenye chupa, mama. Mkono wa kulia."

"Ina sukari?"

"Haina. Unajua haina."

"Basi nenda. Mlango huo unaniletea baridi."

Alisimama kizingitini. Nilihisi. Nikavuta shuka hadi sikioni kama mtu anayetaka usingizi wake. Akasema, "Nakwenda, mama." Pikipiki ilikuwa inangoja nje. Nilihesabu kona hadi sauti ikapotea.

Ni uongo mwingine. Nauandika pamoja na ule wa zile alfajiri. Sitaomba radhi kwa huu.

Mwamini aliponiona alishika kichwa. "Yampayinka! Mwalimu! Na yeye ameona?"

"Hajaona."

Akatoa simu. Nikamshika mkono. Sikujua kama nguvu hizo bado ninazo.

"Akimaliza," nikasema.

"Hii ni dhambi."

"Iandike kwangu."

"Nitaiandika kwetu sote wawili, na mimi sijui kuandika vizuri," akasema, huku analia. Alinipa kidonge cha chini ya ulimi. Ameniinua kwa mito. Amempigia muuguzi wa zahanati, ambaye amekuja, amepima, amesema twende hospitali. Nimesema baadaye. Amesema atarudi saa sita na gari, nitake nisitake. Nimekubali saa sita.

Kimepungua. Hakijaondoka.

Saa mbili na nusu. Ujumbe wa kwanza kutoka Kimironko. Mwamini ameniinamia akasoma herufi kwa herufi: amepita, yuko nyuma, anakimbia, amepunga mkono.

Nimelala. Nimeamka. Mwamini bado yuko, mkono wake juu ya mguu wangu.

Ujumbe wa pili. Amepita tena. Anatembea kwenye mlima. Anakula tende. Binti ya Mwamini alimwuliza kama anataka kuacha. Alijibu kwamba hana wa kumsingizia.

Mwamini hakuelewa. Ameniuliza maana yake. Nimemwambia ni maneno ya wakimbiaji.

Atakasirika akirudi. Atasimama hapo na viatu vyake aseme nilimdanganya, na itakuwa kweli. Nikiwapo, nitamsikiliza hadi mwisho.

Saa nne imepita. Jua limefika ukingo wa kitanda. Mwamini ananisomea Yasini polepole, anakosea, anarudia. Zaituni bado yuko barabarani.